Askari Wazee na Majira ya Mwaka

Watu wa pwani hawauhesabu mwaka kwa tarehe tu, bali kwa pepo na mvua. Kuna kaskazi na kuna kusi, kuna masika na vuli. Na katikati ya mwaka huja kipupwe, wakati wa ubaridi, ambapo vifua huziba na viungo vya wazee huuma. Kila majira yana maradhi yake, na hata mtoto ajua kwamba mvua ikiisha, homa huifuata nyuma. Lugha yenyewe yashuhudia elimu hiyo. Maana ule ugonjwa wa kukaza viungo twauita baridi yabisi, kana kwamba baridi imeingia mwilini ikakaukia humo, isitoke tena.

Jina hilo lafaa kuwa mlango wa habari ninayotaka kuieleza, yaani utunzaji wa askari waliorudi vitani. Watu wengi hudhani kwamba askari akiisha kufungwa jeraha lake, akapewa ujira wake na kuagwa, shauri lake limekwisha. Sivyo. Jeraha la vita lina tabia ya kurudi pamoja na majira, na pengine hurudi baada ya miaka arobaini. Serikali ya Marekani ilijifunza jambo hilo polepole, kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili, na kwa makosa mengi. Nami nitafuata habari zake, kwa kuwa zimeandikwa vizuri. Mwishoni nitawatazama askari na wapagazi wa nchi zetu, ambao walipigwa na mvua na baridi vilevile, lakini hawakujengewa nyumba.

Mwezi wa Agosti mwaka 1776, Wamarekani hawajatimiza hata miezi miwili tangu kujitangaza kuwa huru, baraza lao liliahidi nusu ya mshahara kwa kila askari atakayepoteza mkono au mguu, au kulemaa hata asiweze kujipatia riziki. Ahadi ilikuwa nzuri, ila hazina ilikuwa tupu, na malipo yakaachiwa majimbo. Tena ilikuwa ahadi ya fedha, si ya dawa. Mtu alipewa senti zake akaenda zake. Kama alikuwa na jamaa wa kumpashia moto miezi ya theluji, heri yake. Kama hana, basi.

Nyumba ilikuja baadaye, na ilikuja kwa njia ambayo huenda ikamshangaza msomaji. Mwaka 1847 Jenerali Winfield Scott aliingia na jeshi lake katika mji wa Mexico, akautoza mji huo dola 150,000 ili usitekwe nyara. Sehemu aliitumia kwa mahitaji ya askari wake. Zilizobaki, zaidi ya dola 100,000, alizipeleka Washington, zijengewe makao ya askari wazee. Sheria ya makao hayo ilipitishwa mwaka 1851, nayo yakawekwa juu ya kilima nje kidogo ya mji. Mahali palichaguliwa vema. Mji wa Washington umekaa bondeni kando ya mto Potomac, na katika miezi ya Julai na Agosti hewa yake huwa nzito kama ya kaskazi lisilovuma, na zamani zile homa zilikuwa nyingi. Kilimani upepo hupita. Rais Abraham Lincoln mwenyewe, aliyekuwa amefiwa na mwanawe mdogo mwezi wa Februari 1862, alihamia huko na jamaa yake majira ya joto ya mwaka ule, akarudia 1863 na 1864. Alikaa katika nyumba moja ya makao yale, jirani na askari wazee, akienda mjini kazini asubuhi na kurudi jioni kwa farasi. Basi aliona kwa macho yake jinsi wazee wale wanavyoishi. Na tarehe 3 Machi 1865, majuma sita kabla ya kuuawa, alitia sahihi sheria ya kuwajengea makao askari wa kujitolea waliolemaa katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe.

Makao ya kwanza chini ya sheria hiyo yalifunguliwa mwezi wa Novemba 1866 huko Togus, katika jimbo la Maine. Palikuwa pamejengwa hoteli penye chemchemi ya maji ya madini, ili matajiri waende kupumzika majira ya joto, lakini biashara ilishindwa, serikali ikainunua. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wa Julai ikawapokea vilema mwezi wa Novemba, katika nchi ambayo maji ya mito huganda! Baadaye yalifuata makao ya Milwaukee, ya Dayton katika Ohio, ya Hampton katika Virginia, na mengine. Askari weusi waliopigania upande wa serikali walipokewa pia, jambo ambalo lilikuwa la nadra katika nyumba za siku zile, ingawa si kusema kwamba walitendewa sawa na wenzao katika kila jambo.

Kuhusu jina pana kisa kidogo kiwapasacho wapenda lugha. Sheria ya kwanza ilitumia neno ambalo asili yake ni makimbilio, mahali pa usalama. Lakini katika vinywa vya watu neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa jina la nyumba ya wenye wazimu na ya mafukara. Askari waliona aibu kuandikia watoto wao barua kutoka mahali penye jina kama hilo. Mwaka 1873 likabadilishwa, yakaitwa Makao, kwa neno lile lile watu watumialo kwa nyumba ya mama na baba. Jengo halikubadilika hata tofali moja, lakini mtu aliyekataa kuingia katika la kwanza aliweza kuingia katika la pili bila kuinamisha uso.

Maisha humo yalikuwa ya kijeshi. Wazee walivaa sare ya buluu, walilala mabwenini, wakaamshwa kwa tarumbeta. Palikuwa na hospitali, maktaba, bendi, karakana, na bustani ambazo watu wa miji ya jirani walikwenda kuzitazama siku za Jumapili. Katika makao kadhaa palikuwa hata na ukumbi wa bia, kwa hoja kwamba mzee akinywa ndani mbele ya macho ya wakubwa hatakwenda kulewa nje na kuibiwa pensheni yake. Wachungaji wa siku zile walibishana sana juu ya hoja hiyo, na sidhani kama wasomaji wetu wataacha kubishana.

Lakini jambo la kuangaliwa zaidi ni hili: idadi ya wazee makaoni haikuwa sawa mwaka mzima. Majira ya joto wengi waliomba ruhusa wakaondoka, wakafanya vibarua mashambani au wakakaa kwa jamaa. Theluji ilipokaribia walirudi, na vitanda vikajaa. Mtu mwenye mguu mmoja aweza kujimudu Juni, hawezi Januari, wakati njia imekuwa barafu na kuni ni ghali. Wako walioona kwamba kuja na kwenda huko ni uvivu. Mimi naona kwamba wazee wale ndio waliokuwa wakiifundisha serikali: hitaji la askari mkongwe si kitu kimoja mwaka mzima, hupanda na kushuka kama maji ya bahari.

Waganga nao waliitikia kwa namna yao. Katika miaka ile kifua kikuu hakikuwa na dawa, na baridi yabisi haikuwa na dawa, basi tiba iliyobaki ilikuwa hewa na maji. Mwaka 1887 hospitali ya jeshi la nchi kavu pamoja na la majini ilifunguliwa Hot Springs, Arkansas, penye chemchemi za maji ya moto. Mwaka uliofuata makao mapya yalianza karibu na Los Angeles, pwani ya magharibi, ambako hakuna theluji. Mwaka 1899 ngome ya Fort Bayard, katika nyanda za juu kame za New Mexico, ikafanywa hospitali ya askari wenye kifua kikuu. Na mwaka 1907 hospitali ya Battle Mountain ilifunguliwa katika mji mwingine uitwao Hot Springs, huu ukiwa katika South Dakota, kwa ajili ya wenye maradhi ya viungo na ya kifua. Wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wakiyaoga maji yake zamani, kabla askari hawajafika. Maji ya moto huwapa nafuu wenye viungo vilivyokaza, hilo halina shaka. Kwa kifua kikuu hewa kavu ilisaidia kidogo tu, na wengi walikufa wakiwa wameketi verandani wakitazama milima. Dawa yenyewe, streptomaisini, ilianza kujaribiwa kwa utaratibu katika hospitali za askari mwaka 1946, na vitanda vile vya verandani vikapungua mwaka hata mwaka.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliongeza wagonjwa kuliko nyumba. Ofisi nyingi zilianzishwa, moja kwa bima, moja kwa pensheni, moja kwa mafunzo ya vilema, hata askari hakujua agonge mlango gani. Mwaka 1930 zikaunganishwa kuwa idara moja. Katika muda huo palitokea pia shauri la Tuskegee, jimbo la Alabama, ambako mwaka 1923 serikali ilifungua hospitali ya askari weusi. Weupe wa mji walitaka madaktari na wakubwa wake wote wawe weupe, na wenye kofia nyeupe wa Ku Klux Klan waliandamana kuwatisha watu. Robert Moton, mkuu wa chuo cha Tuskegee, hakusogea. Na mwaka 1924 hospitali ilikuwa chini ya daktari mweusi, Joseph Ward. Wagonjwa wengi wa hospitali ile walikuwa na kifua kikuu au wameumia akili. Kwao halikuwa jambo dogo kuguswa na mkono usiowadharau.

Vita vile vile vilileta ugonjwa ambao hata sasa huwapata wazee kila mwaka kwa majira yake. Mafua makali ya mwaka 1918 yalipita katika makambi ya jeshi la Marekani kama moto katika nyasi kavu, yakaua makumi ya maelfu ya vijana wenye nguvu ambao hawajaona adui. Kumbukumbu hiyo iliwatisha wakubwa wa jeshi walipoingia vita vya pili. Kwa hiyo waliwapa kazi wataalamu, akiwamo Thomas Francis na mwanafunzi wake Jonas Salk, kutafuta chanjo. Ikajaribiwa mwaka 1943, na mwaka 1945 jeshi likachanjwa, kabla ya raia. Basi chanjo ya mafua itolewayo leo duniani ilijaribiwa mabegani mwa askari. Leo hospitali za wastaafu wa jeshi la Marekani hutoa chanjo hiyo bila malipo kwa walioandikishwa, kuanzia siku ambazo majani huanza kupukutika, ili mwili upate kinga kabla ya baridi kali. Hapana budi kuirudia kila mwaka, kwa kuwa vijidudu vya mafua hubadilika, na kinga hupungua. Mzee wa miaka themanini akipata mafua, si mafua tu. Kichomi humwingia, na moyo uliochoka hushindwa.

Lakini hakuna habari ionyeshayo neno letu la baridi yabisi kwa wazi zaidi kuliko ile ya Chosin. Huko Korea, mwezi wa Novemba na Desemba 1950, majeshi ya Marekani na wenzao yalizungukwa na Wachina kando ya bwawa la milimani. Baridi ilishuka chini ya nyuzi thelathini pungufu ya sifuri. Dawa ziliganda chupani. Wauguzi walizitia mdomoni mwao ziyeyuke kabla ya kumchoma mgonjwa sindano. Maelfu waliganda vidole vya miguu na mikono, na masikio. Waliopoteza vidole walihesabiwa. Wengine vidole vyao vilipata rangi tena baada ya wiki kadhaa, wakaambiwa wamepona, wakaenda nyumbani wakaoa na kufanya kazi. Miaka thelathini au arobaini ikapita. Ndipo nyayo zikaanza kuwaka moto usiku na kufa ganzi mchana, viungo vikavimba, kucha zikaharibika, pengine katika kovu la zamani ikaota saratani ya ngozi. Na kila mwaka baridi ilipoanza, maumivu yalizidi, hata mtu aliyekuwa shujaa aliogopa kutoka nje kuchukua barua yake. Walipokwenda kudai waliulizwa: cheti cha kuumia kwako ki wapi? Hakikuwapo. Jeshi lililokuwa likirudi nyuma usiku, katika theluji, chini ya risasi, halikuandika vyeti vya vidole. Wazee walijikusanya, wakatafutana kwa barua, wakashuhudiana. Na katika miaka ya 1990 idara ilikubali, ikaandika upya kanuni zake, ikawaelekeza madaktari wake kwamba madhara ya baridi yaweza kutokea miaka mingi baada ya baridi yenyewe. Kati ya Chosin na kanuni hizo kuna zaidi ya miaka arobaini, na waliokufa katikati hawakupata kitu.

Majira ya joto nayo yana mashaka yake. Mwili hujipoza kwa jasho. Aliyekatwa miguu, au aliyeungua ngozi yake, ana sehemu ndogo ya kutolea jasho, naye huzidiwa upesi. Kigutu ndani ya mguu wa bandia hulowa na kuchubuka. Tena kuna maumivu yasiyo ya ngozi. Wamarekani husherehekea siku ya uhuru wao, tarehe 4 Julai, kwa fataki, na wapo waliorudi vitani ambao usiku ule hujificha, maana masikio yao hayatofautishi sherehe na mizinga. Maumivu ya akili baada ya vita yalipewa jina lake la kitabibu mwaka 1980 tu, na mwaka mmoja kabla yake vilikuwa vimefunguliwa vituo vidogo vya mazungumzo kwa waliorudi kutoka Vietnam, mbali na harufu ya hospitali. Wahudumu wa wastaafu huangalia pia siku za Krismasi, kwani mpweke huwa mpweke zaidi wakati nyumba za jirani zina nyimbo.

Sasa turudi kwetu. Vita vya 1914 vilipofika Afrika ya Mashariki, mizigo ya majeshi ilibebwa kichwani. Kikosi cha Waingereza cha wachukuzi kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya Waswahili ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo, jina la mtaa wa Dar es Salaam hata leo, kama vile Kariokor ya Nairobi. Wengi wanunuao mboga huko hawajui kwamba wanataja kikosi ambacho wafu wake walioandikwa walizidi 40,000. Na hesabu ya kweli yaaminiwa kuipita hiyo sana. Risasi iliua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, homa, na kichomi, yaani na chakula, mbu, na mvua. Mwanzoni mwa mwaka 1917 Rufiji ilifurika, na watu wa milima ya baridi waliozoea viazi na ndizi walikuwa huko bondeni, wakila unga wa mahindi usioiva, kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi na muda haukuwapo. Kwamba haikuwa lazima wafe hivyo, twajua kwa mifano miwili ya wamisheni. Frank Weston, Askofu wa Unguja, alikwenda mwaka 1916 pamoja na wapagazi wa Unguja, akitembea nao. Mwaka 1917 Daktari John Arthur wa misioni ya Kikuyu alitoka na watu wake zaidi ya 1,500, akisimamia chakula chao na afya yao. Nao waliokufa walikuwa wachache mno wakilinganishwa na vikosi vingine. Mvua ilikuwa ile ile, mbu ni wale wale.

Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam, na Nairobi ikapata zake. Ni sanamu nzuri, za watu wenye vifua vipana na migongo iliyonyooka.

Vita vya pili viliwapeleka wana wa wale wale mbali zaidi. Kikosi cha 11 cha Afrika ya Mashariki, ambacho watu wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa na Rodesia ya Kaskazini, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, kilishuka bonde la Kabaw katika Burma katikati ya mvua za mwaka 1944, mvua ambazo masika yetu ni manyunyu mbele yake, kikafika Kalewa mwezi wa Desemba. Kila siku askari alipewa kidonge cha manjano cha mepakrini kuizuia homa, na mkubwa wake alisimama kuhakikisha amekimeza. Utumishi ulipokwisha, kidonge nacho kilikwisha. Askari wa Keya, kama watu walivyokiita kikosi cha King's African Rifles, walipewa kiinua mgongo kwa kadiri ya cheo na kwa kadiri ya rangi, wakaagwa. Walio wengi hawakuwa na pensheni ya maisha, wala daktari wa jeshi wa kumwendea kipupwe kinapokaza magoti. Aliyewatunza alikuwa mke, au mjukuu aliyepasha maji na kumkanda babu yake, au zahanati ya misioni kama ilikuwa karibu.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza paundi milioni 11.8 kwa muda wa miaka mitano, zipitie chama cha askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola, ili wale waliotumikia taji kabla ya nchi zao kupata uhuru, pamoja na wajane wao, wapate angalau milo miwili kwa siku. Aliyekuwa na miaka 18 alipoingia Kabaw alikuwa amefika miaka 92.